Shanga Kumi na Moja za Profesa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye tumeambiwa umeahirisha safari ili uwe nasi mchana huu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Mkurugenzi wa Kituo. Maprofesa na madaktari, wa darasani na wa wodini. Jamaa wa Profesa, nikianza na mdogo wake aliyekaa safu ya mbele, mkoba mapajani, ameushika kana kwamba kuna mtu humu atamwibia. Wafanyakazi wenzangu wa maabara, wa jikoni, wa getini na wa ufagio, ambao siku zote hutajwa mwisho na leo pia nimewataja mwisho, mniwie radhi, ndivyo karatasi ya itifaki inavyosema. Na wewe Profesa, mama yetu, ambaye tumekusanyika hapa kukuaga unapostaafu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji ameshanionyesha saa yake mara mbili. Mimi nilikuwa fundi wa saa kabla sijawa mtu wa Kituo hiki, kwa hiyo namwambia kwa upendo kwamba saa hiyo inakwenda mbele kwa dakika nne, na hizo nne nazichukua mimi.

Ofisi imeniandikia hotuba. Nzuri sana, imechapwa, ina neno "adhimu" mara sita, nimehesabu. Nimeikunja nikaiweka mfuko wa koti. Mke wangu asubuhi, akinifunga tai, aliniuliza, "Utasoma waliyokuandikia au utasema?" Nikamwambia, sijui. Akasema, "Basi ukifika mbele ya watu utajua." Nimefika, na nimejua.

Mlipoingia mlangoni kila mmoja wenu amepewa kitabu cha jalada la buluu, historia ya Profesa na mashine zake. Kitabu kizuri. Lakini ukurasa wa tisa una kichwa kisemacho "Kosa," na chini yake imeandikwa kwamba mwaka wa nane wa kazi yake, Profesa, kwa uzembe wake mwenyewe, alitangaza protini ambayo haikuwapo. Ndugu zangu, ukurasa huo si wa kweli. Mimi ninajua ukweli wake, nimeukalia miaka ishirini na mitatu, na leo nimekuja kuusema. Nikishausema, huenda Mkurugenzi akajutia tangazo alilolitoa asubuhi, kwamba kuanzia mwezi ujao mimi ndiye nitakayekisimamia chumba cha mashine badala ya Profesa. Sawa. Kila jambo na wakati wake. Niacheni kwanza niseme tulikotoka, maana moyo wangu unataka kupita njia ndefu.

Nilikuwa na meza yangu ya saa pembeni ya duka la viatu. Kioo, taa, bisibisi saba, na kikombe cha chai ambacho nilikuwa naogopa kukigusa nisije nikamwagia mashine ya mtu. Akaja mwanamke mmoja, koti jeupe, kalamu nne mfukoni, amekunja kitambaa kiganjani. Akakifungua. Ndani mna kitu kidogo cha kioo na chuma, nusu ya punje ya mchele. Akaniuliza, "Fundi, hii ni vali. Inavuja. Unaweza kuitengeneza?" Nami ujana ulikuwa umenijaa kichwani, nikamjibu, "Mama, mimi niletee hata kitu chembamba kuliko unywele. Mikono yangu inaona." Akacheka. Nikaitengeneza mbele yake, kwa vidole hivi, bila kuvaa hata kile kioo cha jichoni. Kesho yake akarudi na vali nyingine. Kesho kutwa akarudi na barua ya ajira. Mwenye duka la viatu alidhani mama yule ananitaka uchumba. Eti anaharibu saa makusudi!

Hivyo ndivyo nilivyoingia Kituo hiki, kupitia mlango wa nyuma, mtu wa darasa la nane kati ya watu wenye shahada tatu tatu. Na kila mtu akaniita Fundi, na yeye akawa Profesa, na mpaka leo sijawahi kumwita jina lake.

Sasa nawaomba mfumbe macho kidogo. Najua mmetoka kula na kuna hatari ya mtu kukoroma, lakini fumbeni. Nataka mkione chumba kile cha kwanza kama ninavyokiona mimi.

Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye dirisha moja, na dirisha lile tulilipaka rangi nyeupe ili jua lisichemshe mashine. Mwanga ulioingia haukuwa na saa. Asubuhi na alasiri zilifanana, tukawa kama watu wanaoishi ndani ya yai. Katikati ilikaa mashine, ukubwa wa kabati la nguo, na mabomba yake membamba kama uzi wa kushonea. Ndani yake kulikuwa na kikombe cha kioo kinachozunguka, kinazunguka polepole, kisha kasi, kisha polepole. Tone linaanguka. Kimya. Tone jingine. Nikikaa pale baada ya chakula cha mchana sikujua kama nipo macho au nimelala, na mara nyingi nilikuwa vyote viwili. Mtu akija kuniuliza kitu namjibu vizuri kabisa, kisha baadaye sikumbuki kama alikuja.

Protini, Profesa alinieleza siku ya kwanza, ni shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kuna aina ishirini za shanga. Mwili unazitunga kwa mpangilio wake, na ukikosea ushanga mmoja, mtu anaweza kuugua maisha yake yote asijue kwa nini. Kazi ya mashine ilikuwa kuukata ushanga wa kwanza, kuuosha, kuutambua ni wa aina gani, kisha kuukata wa pili. Kila ushanga saa nzima. Siku nzima ya kazi tulipata shanga saba, nane tukibahatika. Wenzetu wa vyumba vingine walikuwa wanatucheka. Profesa akawa anawaambia bandubandu humaliza gogo, kisha anarudi kwenye kiti chake, anavua viatu, anaweka miguu juu ya sanduku, anasubiri ushanga.

Nami nikaota. Naapa niliota, mara nyingi, kwamba nimelala ndani ya kikombe kile, nazunguka taratibu, na mashine inanisoma mimi. Inakata kipande kimoja, inakiosha, inakitaja kwa sauti. Haikuwa ndoto ya kutisha. Nilikuwa naamka nimepumzika. Nilipomsimulia Profesa aliniuliza, "Ilikusoma mpaka wapi?" Nikamwambia mpaka magotini. Akasema, "Siku ikifika moyoni, niambie."

Lakini msidhani mama huyu alikuwa mtu wa kuota tu. Alikuwa na jambo moja lililomchoma. Mashine za wakati ule zilikuwa na njaa. Ili zisome protini moja adimu, zilitaka damu ya kujaza ndoo. Na kule wodini kulikuwa na watoto ambao vidonda vyao havifungi. Mtoto akikwaruzika goti, wiki tatu goti bado bichi. Madaktari walishuku kuna protini fulani katika damu yao ambayo shanga zake zimekosewa. Sasa utamsomaje mtoto wa namna hiyo? Siku moja alirudi kutoka wodini, akasimama mbele ya mashine, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo. "Fundi, mtoto mchanga ana damu ya kujaza kikombe kimoja cha chai. Kimoja. Mimi nimwombe kiasi gani?" Nikamwambia, nusu kijiko. Akanitazama kama nimemtukana. "Tone," akasema. "Tutafanya kazi mpaka tumwombe tone."

Basi huo ndio uliokuwa ulimwengu wetu: kupunguza. Kila mwaka kikombe kidogo zaidi, bomba jembamba zaidi, vali ndogo zaidi. Yeye anachora, mimi nachonga. Nikikataa, anachora tena. Nikisema haiwezekani, ananiuliza, "Haiwezekani, au hujalala vizuri?" Tulifika mahali tukawa tunasoma kutoka kwa kitu ambacho hata ukikitazama kwenye kichupa hukioni, unaambiwa tu kipo, unaamini. Na hapo, ndugu zangu, ndipo penye hatari ya kazi hii. Mashine inayotaka kidogo inaona kila kitu. Vumbi la koti. Unga wa ngozi ya mtu aliyejikuna. Mtu aliyezoea kula ndoo hajali unywele mmoja, lakini aliyepewa tone, unywele ni mti. Kwa hiyo sisi wafanyakazi wake, ambao tulikuwa tumefika sita, tulikuwa na sheria ubaoni, kwa mwandiko wake: kofia, barakoa, glavu, kila mtu, kila mara. Yeye mwenyewe alikuwa anavaa glavu jozi mbili. Mdogo wake yule pale anaweza kuwaambia, dada yake hata sufuria iliyo safi anaiosha kabla ya kupikia.

Mwaka wa nane tukapata zile shanga kumi na moja. Damu ya watoto sita, iliyosafishwa na kusafishwa tena mpaka ikabaki si kitu. Ushanga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku mbili. Kumi na moja, wazi kabisa, na hazikufanana na protini yoyote iliyokuwa katika orodha. Orodha yenyewe wakati ule ilikuwa fupi, daftari moja tu. Profesa akazisoma kwa sauti kama mtu anayesoma majina ya wajukuu zake. Tukalia. Mimi nililia, sioni haya kusema. Akaandika makala, ikachapishwa, tukapigiwa simu kutoka nchi ambazo sikujua kama zina simu. Wazazi wa wale watoto walikuja na mashada ya maua, wakaamini kwamba dawa iko mlangoni.

Miezi kumi na minane baadaye, maabara moja ya mbali, watu ambao kazi yao ilikuwa ngozi, walichapisha shanga za protini ya ngozi ya binadamu. Ngozi ya kawaida, hii hii tunayojikuna. Na ndani yake, mfululizo, zimo zile kumi na moja zetu. Hatukuwa tumesoma damu ya watoto. Tulikuwa tumesoma ngozi ya mtu mzima aliyegusa mahali asipotakiwa kugusa.

Nitawaambia ni mtu gani. Asubuhi ya siku ile ya kwanza, kabla ya kuweka damu, vali ilianza kuvuja. Profesa akaniachia niitengeneze, akaenda chumba cha baridi kuleta sampuli. Nikavaa glavu kama sheria inavyotaka, nikaishika vali, nikahisi kama naishika nikiwa nimevaa soksi mikononi. Nikajaribu tena. Ikaponyoka. Nikajiambia, mimi ndimi yule ambaye mikono yake inaona. Nikavua. Nikaifunga vali kwa vidole vitupu, hivi, kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, nikapitisha na kidole kwenye mdomo wa bomba kuhakikisha hakuna tone. Ikanyamaza. Nikavaa glavu zangu. Profesa aliporudi akauliza, "Imepona?" Nikasema, "Imepona." Hakuuliza imeponaje, kwa sababu aliniamini.

Ndiyo. Mmesikia vizuri. Mshereheshaji, usiangalie saa.

Makala ya ngozi ilipotoka, nilijua palepale. Nilisoma kichwa chake tu. Nilikusudia kusema siku ile. Nikasema nitasema kesho. Kesho nikakuta Profesa ameshaitisha mkutano, katika ukumbi huu huu, ila viti wakati ule vilikuwa vya mbao. Alisimama hapa niliposimama. Akasema, "Nilitangaza jambo ambalo si kweli. Chumba ni changu, mashine ni yangu, na kosa ni langu. Nawaomba radhi wazazi kwanza, halafu wanasayansi wenzangu." Mtu mmoja akanyoosha mkono akauliza, je, ni nani kati ya wafanyakazi wako sita aliyefanya uzembe? Akamjibu, "Nimeshakujibu." Akakaa. Mimi nilikuwa safu ya nne, karibu na nguzo ile, na glavu mfukoni. Niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, nilikuwa mtu wa darasa la nane, na niliogopa kurudi kwenye ile meza pembeni ya duka la viatu. Hizo ndizo sababu zangu, na mnaweza kuzipima wenyewe.

Walimnyang'anya chumba. Ukurasa wa tisa unasema "alihamishiwa ofisi nyingine," lakini ilikuwa stoo, chini ya ngazi, palipokuwa panawekwa viti vibovu. Uongozi wa idara waliokuwa wamemwahidi ukaenda kwa mwingine. Na walimu wa maabara wakaigeuza habari yake kuwa mzaha wa kufundishia. Mwanafunzi mpya akisahau glavu anaambiwa, "Vaa, usije ukawa kama Profesa." Darasa zima kwa kicheko. Miaka ishirini na mitatu nimeusikia mzaha huo kwenye korido zetu, na, Mungu anisamehe, mara nyingine nilicheka nao. Mtu akiwa na siri hucheka kuliko wengine, asije akatazamwa.

Nilimfuata stoo. Watu walinisifu kwa hilo, "Fundi ni mwaminifu." Uaminifu gani! Nilimfuata kwa sababu nilishindwa kukaa mbali naye, na nilishindwa kumtazama machoni, vyote kwa pamoja. Na pale chini ya ngazi, ambako ukisikia nyayo unajua nani anapanda na nani anashuka, mama huyu alianza upya kana kwamba hakuna lililotokea. Aliacha shanga kwa muda, akaenda kwenye maagizo yenyewe ambayo mwili unayasoma ili kuzitunga. DNA. Herufi nne tu, Fundi, akaniambia, na mwili mzima umeandikwa kwa hizo nne. Nikamwambia mbona alfabeti yetu ina zaidi na bado watu hawaelewani. Akasema hiyo ndiyo shida ya herufi nyingi.

Wazo lilikuwa kuzipaka herufi hizo rangi. Moja buluu, moja kijani, moja njano, moja nyekundu. Zinapita mbele ya mwanga, moja baada ya nyingine, kila moja inang'aa kwa rangi yake, na jicho la mashine linaziandika. Mimi ndiye niliyelichonga jicho lile, na safari hii nilichonga nikiwa na glavu jozi tatu, mpaka vidole vikavimba. Ndani ya stoo hamkuwa na dirisha hata la kupaka rangi. Tulizima taa adhuhuri, tukakaa kwenye viti vibovu, tukasubiri. Kisha ikaanza. Buluu. Buluu. Njano. Kijani. Nyekundu. Ukutani, juu ya rangi iliyobambuka, zilipita kama mvua yenye akili. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka uso wake ukiwa wa kijani, kisha mwekundu, na nakumbuka nikiwaza kwamba kama kuna mahali roho za watu husubiri kabla ya kuzaliwa, basi panafanana na stoo ile. Yeye akasema polepole, "Nani huyu?" Maana damu ilikuwa ya mtoto mmoja wa kule wodini, na ndiye aliyekuwa anapita ukutani mbele yetu.

Mashine zilizozaliwa na ile ya stoo ndizo zinazofanya kazi leo ghorofa zote tatu za jengo hili, na ndizo zilizomrudishia Profesa chumba cha mashine. Kosa katika damu ya wale watoto lilipatikana, herufi moja tu iliyokaa mahali pa nyingine, na leo muuguzi akitaka kulijua kwa mtoto mchanga anamwomba tone moja, kisigino tu, na mtoto analia kidogo halafu ananyonya. Hayo yapo kwenye kitabu, ukurasa wa kumi na nne, na hayo ni ya kweli.

Lakini kuna siku ambayo haimo kitabuni, na ndiyo iliyonileta hapa mbele. Miaka kumi na tisa iliyopita, mashine ya rangi ilipoanza kutambua hata chembe tu, alikuja stoo daktari mmoja, rafiki yake wa masomo, mtu mwema aliyekuwa akiumia kumwona chini ya ngazi. Akasema, "Nimepata njia ya kukusafisha jina. Kile kichupa cha mabaki yaliyotoka kwenye mashine, ya zile shanga kumi na moja, bado kipo kwenye friza. Ndani yake mna ngozi ya mtu, na ngozi ina DNA. Wafanyakazi wako mle chumbani walikuwa sita. Chukua mate ya wote sita, kitie kichupa kwenye mashine yako, na wiki ijayo dunia nzima itajua si wewe." Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, nakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Profesa aliifuta mashine vumbi kwa kitambaa. Kisha akasema, "Nimeitengeneza mashine hii imwulize mtoto anaumwa nini. Sikuitengeneza imtafute mtu wa kumtupia lawama."

Rafiki yake akapandisha sauti. "Wewe! Wamekuzika hai huku chini na bado unamlinda usiyemjua?"

"Anajijua," akasema Profesa. "Inatosha. Akitaka kusema, atasema."

Kisha akafungua friza, akakitoa kichupa, akakizungusha akasoma tarehe yake, akaniita. "Fundi. Kakitupe kwenye takataka za kuchomwa." Nikainuka. Akanipa mkononi. Nilikibeba kwenye ngazi zile, kidogo, cha baridi, kimeandikwa kwa mwandiko wake, nikapita mbele ya walimu na wanafunzi nikiwa nimejibeba mwenyewe, nikafika kwenye tanuru nikakitupa. Nilipokuwa narudi nilisema, nikifika tu namwambia. Nikafika. Alikuwa ameshavua viatu, miguu juu ya kiti kibovu, anatazama rangi. Akasema, "Keti, Fundi, inapita vizuri leo." Nikaketi.

Profesa, sikujua siku ile kama ulijua. Mpaka leo sijui. Pengine kati ya watu sita ulinipa mimi kwa sababu nilikuwa karibu. Pengine kulikuwa na sababu nyingine. Sikuulizi mbele ya watu, na tukibaki wawili pia sitakuuliza, maana ukinijibu kwamba ulijua sitaweza kusimama, na ukinijibu kwamba hukujua nitalia zaidi. Ninachotaka kukuambia ni kwamba nakupenda kama dada wa tumbo moja, na nimekukosea kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, pamoja na zile siku tulizofurahi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikutaka kuumbuliwa na kifo. Leo asubuhi nimetuma barua kwa jarida lile lililochapisha makala yetu, nimeeleza vali, vidole na hesabu ya ishirini, nimetia jina langu kamili. Nakala nimeweka mezani kwa Mkurugenzi, chini ya kibweta cha kalamu. Ndugu Mkurugenzi, uamuzi wa chumba cha mashine ni wako. Ukighairi sitakuwa na kinyongo, bado nina bisibisi zangu saba. Ombi langu ni moja, kitabu cha buluu kichapwe upya.

Limebaki neno moja, na hili sijamwambia hata mke wangu.

Siku ile ya mkutano, watu walipokuwa wanatoka, mlangoni pale nilikutana na mama yake Profesa. Alikuwa amekuja kumsikiliza mwanawe, amevaa nguo zake nzuri, maana hakuwa ameambiwa mkutano ni wa nini. Huyu binti yake mdogo, aliyekaa hapa mbele, ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Mama akanijua, kwa sababu nilikuwa nimekula nyumbani kwake mara nyingi. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie, "Mwanangu, wewe unafanya naye kazi kila siku. Ni kweli binti yangu ni mzembe?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akashukuru. Akaondoka taratibu, na huu ni mwaka wa sita tangu tumzike.

Mama, kama mwenye haki ya kujibiwa bado anasikia, jibu ni hapana. Binti yako hakuwa mzembe. Binti yako alivaa glavu jozi mbili. Niliyevua ni mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Yangu yameisha.